Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi cha zabibu, Hombolo, Dodoma

Mbukwenyi wajukuu zangu,

Nasikia katiba mmeshaandika, mwenyekiti, katibu na mhazini mmeshawapata, na kilichobaki ni kupeleka maombi halmashauri mpate ule mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hongereni. Hauna riba, lakini unarudishwa, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjatia saini.

Orodha ya wanachama nimeiona. Mko watano, wote mmehitimu uhasibu, na wote, msinikasirikie, mnapenda kuongea. Mmechaguana kwa urafiki. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo, tumeimba tangu shule ya msingi. Ila hebu mtu ajaribu kufunga kifungo cha shati kwa vidole gumba vitano.

Anzeni na kazi, watu wafuate. Huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu unaanzia kwenye kupogoa. Nani kati yenu anajua jicho lipi la kuacha na tawi lipi la kukata? Mkikosea hapo mtavuna majani. Kisha unakuja ugonjwa wa ubwiri unga. Ule hausubiri kikao. Anatakiwa mtu anayeamka alfajiri, anayefunua majani na kuona vumbi jeupe kwenye vichala mapema, apulize salfa siku hiyohiyo. Halafu kuna soko, na hapo ndipo wakulima wengi wa mkoa huu wameumia. Kiwanda cha mvinyo kinapima sukari kwanza, na zabibu ikishachumwa haina subira. Mnahitaji mtu aliyekwisha kuongea na mnunuzi kabla kisu hakijagusa kikonyo, na anayejua kilichokataliwa kitakwenda wapi: juisi, au meza za soko la Majengo.

Vitabu vya fedha? Mhasibu mmoja anatosha. Wengine wanne wajifunze kitu kingine, au wawapishe wenzao kwa heri.

Mwingereza mmoja, Meredith Belbin, alilichunguza jambo hili miaka mingi katika chuo cha mameneja cha Henley. Aliwakusanya wenye akili kali kuliko wote katika timu moja, akawashindanisha na wengine kwenye mchezo wa kuendesha biashara. Mara nyingi walishindwa. Kila mmoja alikuwa fundi wa kuona kosa kwenye hoja ya mwenzake, basi muda ukaishia kwenye mabishano. Baadaye alifikisha majukumu tisa ambayo timu huyahitaji. Ninyi msihangaike na tisa. Tafuteni hata mawili tu ambayo sijayaona kwenu: mtu anayemaliza kilichoanzwa, na mtu mwenye moyo wa kusema hapana mbele ya mwenyekiti.

Sasa niseme lile ambalo mnaliogopa. Wanaojua kupogoa hapo Hombolo wengi wameishia darasa la saba. Fungu lenu ni la vijana, asilimia 4 kati ya zile 10, kwa hiyo shangazi zenu hawataingia. Lakini wapo wa rika lenu waliokulia kwenye mizabibu, na ninyi mnapanga kuwachukua kama vibarua wa kutwa. Kibarua hawezi kukwambia shamba lenu linakufa. Atakata mlichomwelekeza, atachukua ujira wake, ataondoka. Mpeni uanachama kamili, mgawo sawa na kura, na mkutano uendeshwe kwa lugha anayoifuata, siyo hicho Kiingereza chenu cha vikao.

Jumapili baada ya ibada njooni na karatasi. Upande mmoja andikeni kila kazi kuanzia kupogoa mpaka marejesho ya mwisho, upande wa pili jina la atakayeifanya. Jina moja likijitokeza mara nne, au kazi ikakosa jina, fomu isiende kwa afisa maendeleo wa kata wiki hiyo. Ninamfahamu kijana mmoja wa Mpunguzi, mpole, haongei, na mizabibu ya baba yake ameihudumia yeye tangu mzee augue. Nikimwita atakuja, ila ataniuliza kwanza kama ni kibarua.

Babu yenu, afisa ushirika mstaafu