Ulaini wa madini ya ledi haubebi lawama yote

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Wamarekani wanaojitengenezea risasi za bunduki nyumbani imeulaumu ulaini wa ledi, madini ya kijivu yanayotengenezea vichwa vya risasi, kwa uchafu wote unaoganda katika mitutu ya rivolva za magnum, yaani bastola za risasi zenye nguvu kubwa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kweli, tangu kampuni ya silaha ya Smith & Wesson ilipotoa risasi ya .357 Magnum mwaka 1935, watumiaji walilalamikia utando wa kijivu mtutuni. Lakini kichwa cha risasi kilicho chembamba kuliko mtutu, hata kikiwa kigumu, hupitisha gesi ya moto pembeni, nayo huyeyusha ubavu wake na kuupaka kwenye chuma. Kikombe chembamba cha shaba kwenye kitako cha kichwa hicho husaidia kuizuia gesi hiyo. Antimoni, inayochanganywa na ledi ili kuigumisha, peke yake haitoshi. Vumbi la ledi, lenye sumu kwa watoto hasa, hamkuligusa kabisa.

Msomaji wenu,
Tanga