Kamera ya kukunja haipimwi kwa mng'ao, wala haitaki mafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya ukusanyaji wa kamera za zamani za filamu, zile za kukunja. Nilifurahi kuiona, kwa kuwa sisi tunaozikusanya hatujazoea kutajwa magazetini. Lakini mwandishi wake alitoa nasaha mbili ambazo, zikifuatwa na mtu anayeanza, zitamharibia kamera na kumpotezea fedha. Alisema mnunuzi achague kamera inayong'aa, na kwamba shata iliyokwama, yaani kile kifaa cha kwenye lenzi kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga, itiwe tone la mafuta.

Nianze na mng'ao. Kamera ya kukunja ni kijisanduku chembamba chenye mlango; ukiufungua, lenzi hujitokeza mbele ikivuta mvukuto, yaani kile kiriba cha ngozi au kitambaa chenye mikunjo mingi, ambacho kazi yake ni kuuzuia mwanga usiifikie filamu kabla ya wakati. Kila kamera inapofungwa, mvukuto hukunjika palepale ulipokunjika jana na mwaka juzi, hadi pembe za mikunjo zinachoka na kutoboka vitundu ambavyo mchana huvioni hata ukikodoa macho. Wakati huohuo vyuma vya nje vinaweza kuwa vinameremeta kama vilitoka kiwandani wiki iliyopita.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua Agfa Isolette ya miaka ya 1950 ambayo muuzaji aliinadi kuwa ni safi kabisa, na kwa kuitazama nje hakusema uongo. Nilipiga picha zote 12 za roli ya kwanza, na filamu iliposafishwa nikakuta kila picha ina michirizi myeupe inayotokea pembe moja. Usiku ule nilizima taa, nikafungua mgongo wa kamera, nikaingiza tochi ndogo ndani na kuuzungusha mvukuto taratibu ukiwa umenyooshwa. Mwanga ulipenya kama unavyopenya kwenye paa la makuti lililochakaa. Nilihesabu vitundu tisa. Jaribio hilo halizidi dakika mbili, na ndilo ambalo makala ilipaswa kulitaja kabla ya kusifu mng'ao. Wakusanyaji wanajua kwamba mivukuto ya Agfa ya miaka hiyo ni dhaifu, ilhali mivukuto ya ngozi ya Zeiss Ikon iliyotengenezwa miaka ya 1930, ingawa ni mikongwe zaidi, mara nyingi bado inaziba mwanga vizuri.

Hilo la mafuta ndilo lililonifanya nishike kalamu. Shata za kamera hizi, ziwe ni za aina ya Compur au Prontor, zina vibamba vya chuma vyembamba sana vinavyopishana vikiwa vikavu, tena vimetengenezwa viwe vikavu. Ukidondosha mafuta, shata itafunguka na kufunga siku hiyo, nawe utajiona fundi. Lakini mafuta hayatulii mahali pamoja. Yatatambaa hadi kwenye vibamba na kuvigandisha, yatanasa vumbi, na mengine yatafika kwenye kioo cha lenzi. Kinachokwamisha shata aghalabu si ukosefu wa mafuta bali ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi, hasa kwenye vigurudumu vya meno vinavyoongoza kasi ndogo kama ile ya sekunde moja. Dawa yake ni kufungua lenzi ya mbele, kuiosha shata kwa nafta safi, kile kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kuiacha ikauke kabisa, na kurudia ikibidi. Asiye na mkono wa kazi hiyo ampelekee fundi.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo, na sielewi ulimponyokaje mwandishi. Katika Isolette nyingi, grisi ya kijani iliyopakwa kwenye nyuzi za skrubu za lenzi ya mbele imekauka ikawa ngumu kama saruji. Mnunuzi huzungusha lenzi ili alenge umbali, anaona inazunguka, anaridhika. Kumbe lenzi ya mbele imeshikana na ile ya nyuma yake, zote mbili zinafunguka pamoja kutoka kwenye shata, na kuanzia hapo vipimo vya umbali vilivyochorwa kwenye pete havina maana yoyote. Hata yangu ilikuwa hivyo. Nilihitaji joto la kiasi, nafta na jioni tatu za subira kuzitenganisha.

Mng'ao pia hauwezi kumwambia mtu kama atapata filamu. Kamera hizi hutumia filamu za aina tofauti zinazotajwa kwa namba. Filamu ya 120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1901, inatengenezwa hadi leo. Ile ya 620 Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Upana wa filamu hizo ni uleule, tofauti ikiwa ni kijiti cha kuviringia, kwa hiyo mwenye kamera ya 620 hana budi kuhamishia filamu ya 120 kwenye kijiti chembamba, gizani, kwa kupapasa. Si kazi ngumu ukiizoea, ila anayenunua kamera yake ya kwanza anastahili kuijua kabla hajatoa fedha.

Isolette yangu sasa ina mvukuto mpya, na ngozi yake ya nje imebanduka kidogo pembeni kwa sababu ya kazi zangu. Kwa kipimo cha makala yenu, isingenunuliwa na mtu. Naomba, Mhariri, ushauri ule wa mafuta urekebishwe katika ukurasa uleule uliochapishwa, kabla wasomaji hawajafungua chupa.

Wenu,
Mkusanyaji wa kamera za kukunja