Barua kwa mpwa wangu wa Changamwe: hiyo sauti usiikimbize

Mwanangu,

Jumapili ile ulipokuwa ukianika nguo juu ya paa huku ukiimba, nilimwona jirani wa ghorofa ya pili akipunguza redio. Alikuwa akikaanga mahamri. Alisimama mlangoni na kijiko cha matundu kikichuruzika mafuta, hadi ukamaliza. Nikajua baba yako hana la kusema tena kuhusu habari hii ya wewe kutaka kuimba opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa na okestra ikipiga.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu wako wasichana wengine wa kwaya wanaopaswa kuyasikia haya. Mimi hakuna aliyeniambia. Ukiweza kupanda juu bila kukwaruza, unapewa sauti ya kwanza, na kila tamasha ni wewe. Mwaka mmoja niliimba msimu mzima na mafua yangu, eti hakuna mwingine. Mafua yalipoisha, noti za juu hazikurudi. Daktari akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Tangu siku hiyo naimba sauti ya pili. Nimezoea. Wewe sitaki uzoee.

Opera, kwa desturi, haina kipaza sauti kama taarabu yetu. Msichana mmoja asikike juu ya okestra nzima, na kupiga kelele hakusaidii. Pumzi unaishika chini, mbavu ziko wazi, koo limelegea, sauti inavuma yenyewe kinywani. Ile do ya juu ya masoprano, wanawake wa sauti ya juu kabisa, nyuzi zinagongana mara 1,000 na zaidi kwa sekunde moja. Ukizikaza ukazisukuma, zinavimba. Ndiyo maana mwalimu mzuri atakuchosha na do-re-mi miezi na miezi, na akikukuta na miaka 19 unaimba Tosca, opera ya sauti nzito iliyokomaa, atakufokea. Sauti nzito huendelea kukomaa hata baada ya miaka 30.

Na viazi karai vya saa nne usiku, pamoja na ile pilipili ya ukwaju, uviache. Ukilala asidi hupanda ikachoma koo. Najua naomba mengi.

Kwenye Kiitaliano, lugha ya opera nyingi, una bahati: a, e, i, o, u zao ziko karibu sana na zetu. Kazi iko kwenye konsonanti zinazokazwa. Nonno ni babu. Ukisema nono, umemwita wa tisa. Kifaransa na Kijerumani navyo vinakungoja.

Pretty Yende wa Afrika Kusini alisikia opera mara ya kwanza kwenye tangazo la biashara la shirika la ndege, akiwa na miaka 16. Alisoma Cape Town, kisha chuo cha La Scala, jumba la opera kule Milan, akashinda mashindano ya waimbaji wa opera yaitwayo Operalia mwaka 2011. Januari 2013, usiku wake wa kwanza kwenye jumba la Metropolitan Opera, New York, alijikwaa jukwaani akaanguka. Akainuka, akaimba. Watu husimulia huko kuanguka. Mimi huhesabu ile miaka kumi na kitu kabla yake. Wengi huanza kwa kuigiza mjakazi wa mistari miwili, au hujifunza sehemu yote ya mwenzao kisha wakakaa nyuma ya jukwaa kungoja augue. Wengine hawaugui kamwe!

Jumamosi nitakuja. Usiniimbie. Nisomee kwanza maneno ya ule wimbo wa Kiitaliano, polepole, nami nitakuuliza kila moja maana yake.

Shangazi yako