Vyuma unapiga, halafu unaenda kulalia chai na chapati

Juzi kaja dada mmoja hapa jimu kanuna kweli, anasema kocha mi nalipa hela yangu mwezi wa tatu huu sioni kitu, mkono ule ule, paja lile lile, tena siku hizi nachoka kuliko zamani. Nikamwambia haya kaa kwanza, hebu niambie jana umekula nini toka asubuhi. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana chipsi kavu, jioni katoka kwetu hapa kapiga squati (kuchuchumaa na kuinuka) na dambeli hadi miguu inatetemeka, kafika nyumbani kanywa chai na slesi mbili za mkate kalala, maana akila usiku atanenepa. Siku nzima hakuna yai, hakuna harage, hata dagaa mmoja wa kusingiziwa. Sasa huo msuli unajengwa na nini jamani, majani ya chai?

Ukibeba uzito kuzidi ule uliouzoea msuli unashtuka, na kwa siku moja mpaka mbili baada ya hapo unakuwa unajirekebisha na kujiongeza, ndo maana tunasema siku ya kupumzika nayo ni mazoezi. Lakini kinachotumika kujenga ni protini inayotoka kwenye sahani. Na ukijinyima chakula chote ndo umeharibu zaidi, mwili ukikosa nguvu ya kutumia unaanza kuichoma hiyo hiyo protini kama mkaa.

Kwa mtu anayefanya mazoezi ya uzito sisi huwa tunahesabu gramu 1.2 mpaka 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwahiyo dada wa kilo 60 anatafuta kama gramu 70 mpaka 95. Watu wakisikia hivyo wanadhani lazima kuku kila siku, hapana. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na dagaa wakavu konzi moja tu ni gramu 15 na kitu. Ugali wenyewe una protini ila mahindi yana upungufu wa kipande kimoja cha protini kinaitwa laisini, na maharage yanayo ya kutosha, kwahiyo wale mnaoyadharau makande kwa sababu ya kumbukumbu za bweni mnayaonea bure. Cha muhimu gawanya, usishinde na chai halafu protini yote uijazie usiku. Mwenye tatizo la figo asianze hizi hesabu kabla hajaongea na daktari wake.

Sasa kuna kundi lingine ambalo mi binafsi ndo linaniumiza kichwa, mama zetu na baba zetu. Wanakuja, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mie nataka kitambi kiondoke tu, hivyo vyuma waachieni vijana. Anatembea kila asubuhi, hongera, moyo unafaidika sana, ila mwangalie akitaka kunyanyuka kwenye kiti cha plastiki, anashika magoti, anasukuma, anasema "yallah" ndo anainuka. Hiyo sio uzee tu, ni misuli ya mapaja imeisha, maana kuanzia miaka ya 30 na kitu misuli inapungua taratibu na usipoipa kazi inakimbia zaidi.

Jipime leo nyumbani. Kaa kwenye kiti imara, mikono kifuani, simama na ukae mara 5 bila kushika kitu. Ikizidi sekunde 15 miguu yako haina nguvu, na hapo ndo watu wanaangukaga bafuni.

Na sio kwamba ni too late. Mwaka 1994 kule Boston, Marekani, daktari Maria Fiatarone na wenzake walifanya utafiti na wazee 100 wa kwenye nyumba ya wazee, wastani wa miaka 87, wengine wakanyanyua uzito, wengine wakapewa kinywaji cha lishe, wengine vyote. Wiki 10 tu, walionyanyua nguvu ziliongezeka zaidi ya mara mbili, waliokunywa bila mazoezi hawakupata la maana. Kwahiyo mnaoniuliza ile unga ya protini ya kopo, kopo halipigi squati kwa niaba yako.

Kwetu ukianza tunakupima uzito, tunakupima kwa kiti, halafu unaandika unachokula siku tatu kwenye daftari bila kudanganya (wengi mnadanganya siku ya kwanza, tunajua). Wazee tunaanza nao kwa kiti na kidumu cha maji cha lita 5, ni kilo 5 hizo, mara mbili kwa wiki inatosha kuanzia na hakuna anayekucheka.

Yule dada tumemwachia programu ile ile, tumebadilisha sahani tu. Na kijana wa mayai ya kuchemsha ameshatujulia ratiba, saa moja kasoro jioni yuko getini na ndoo yake na kachumbari, juzi nimemkuta anamhesabia dada mayai matatu.