Msiitupe sensa ya joto kabla ya kuipima miguuni

Mhariri,

Vijana wanaojifunza elektroniki hulalamika mara kwa mara kwamba sensa za joto za LM35 zinazouzwa madukani ni feki, kwa kuwa chumba cha nyuzi 28 kinasomeka 60 au 150. Feki zipo, sikatai. Lakini nyingi zinazotupwa ni nzima, na kosa liko kwenye uunganishaji.

LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo nyuzi 28 ni milivolti 280. Weka multimita kwenye volti 2 za DC, waya mweusi uguse mguu wa graundi (upande hasi wa umeme) wa chipu yenyewe, mwekundu uguse mguu wa kati. Ukipata karibu 0.280, yaani milivolti 280, chipu haina hatia: tafuta kosa kwenye waya au programu. Kisha pima umeme unaoingia. LM35 inataka volti 4 hadi 30, na wengi huilisha volti 3.3 za ESP32, bodi ndogo ya kompyuta inayosoma sensa, halafu wanashangaa majibu.

Chipu ikiunguza kidole, chomoa umeme mara moja, huenda imegeuzwa. Uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni umeme, volti ya joto, graundi. Mchoro wa mtengenezaji huionyesha kutoka upande wa miguu, na hapo ndipo wengi hupotea. DS18B20, sensa nyingine ya joto, ina umbo lilelile lakini graundi yake iko kushoto, hivyo ukiichomeka mahali pa LM35 umeigeuza tayari. Soma maandishi ya chipu kwa kamera ya simu: TMP36, nayo sensa ya joto, hutoa milivolti 750 kwenye nyuzi 25, na programu ya LM35 itaziita nyuzi 75. Sensa ya LM335 hutoa karibu volti 2.98 kwenye nyuzi hizo 25, kwa sababu inahesabu kwa Kelvini.

Kosa linalosumbua zaidi ni graundi ya pamoja. Koili ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayovuta miliampea 50 kupitia mguso mbovu wa omu 1 inazalisha milivolti 50, yaani nyuzi 5 za uongo kila rilei inapowaka. Sensa ipewe waya wake wa graundi mpaka kwenye bodi, usiopita kwenye rilei wala mota.

Volti zikiyumba bila rilei yoyote, angalia urefu wa waya. Waya mrefu huhifadhi chaji kama kapasita; mtengenezaji anaahidi utulivu hadi pikofaradi 50 tu, na mita moja ya waya wenye ngao huweza kuzidi hapo. Weka rezista ya kiloomu 2 kati ya mguu wa kati na waya huo, karibu kabisa na chipu. Kubandika kapasita tupu kati ya mguu huo na graundi, kama wengi wafanyavyo, huzidisha tatizo. Ikiwa lazima, iwe mikrofaradi 1 ikifuatana na rezista ya omu 75.

Jambo ninaloliombea nafasi zaidi gazetini ni friji za chanjo, ambazo baadhi ya wanafunzi huzitengenezea vipimajoto. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na zile za pepopunda na homa ya ini B huharibika zikiganda. LM35 iliyofungwa kwa umeme wa upande mmoja (chanya na graundi tu, bila volti hasi) haishuki chini ya nyuzi 2 kwa uhakika. Friji ikigandisha, kifaa hakitasema. Walimu wa ufundi wasiikubali kwa kazi hiyo. Watumie TMP36, au DS18B20 yenye rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na umeme. Kabla ya kukabidhi kifaa, sensa izibwe isiingie maji, itumbukizwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji: TMP36 inapaswa kusoma karibu milivolti 500.

Fundi elektroniki,
Mwanza