Wifi, usiyachome hayo mabaki

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kigoma. Mama hajambo, kaka yako hajambo, watoto wanauliza kama embe za Tabora zimeanza kuiva. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia: salfeti la vipande vya vitambaa chini ya meza yako limefurika, panya wameanza kulipigia mahesabu, na wewe unasema ukipata nafasi utashona shuka la viraka kama langu, usipopata utalichoma moto lote. Nimeona nikujibu hadharani, maana salfeti hilo si la kwako peke yako. Kila fundi ninayemjua, awe wa Ujiji au Mwanga hapa Kigoma, au wa huko kwenu, ana lake analolisukuma kwa mguu kila akikaa kwenye cherehani.

Nikwambie ukweli mapema: nafasi hiyo hutaipata. Una wateja, una watoto, una mume anayekula kwa saa, na Desemba ikiingia sare za shule zinakufunika hadi Januari iishe. Mtu anayesubiri siku tupu ndipo ashone shuka la viraka atazeeka na salfeti lake. Shuka hili halina siku yake. Linashonwa ndani ya kazi nyingine, na huo ndio ufundi wote ninaotaka kukupa.

Fikiria unavyoshona kaptula za sare. Ukimaliza mshono unanyanyua mguu wa cherehani, unavuta nguo, unakata uzi, na kile kimkia cha uzi kinaanguka sakafuni. Ukianza mshono mwingine uzi unajikusanya chini, unajifunga, unafumua huku unasonya. Sasa acha kukata. Mshono ukiisha, chukua miraba miwili ya mabaki, ipange uso kwa uso, ipitishe chini ya sindano moja kwa moja nyuma ya kaptula, kisha simama hapo hapo na sindano ikiwa imeishika. Geuka nyuma ukate kaptula yako uitoe. Miraba inabaki chini ya mguu wa cherehani, na mshono wa kaptula inayofuata unaanzia mgongoni mwake. Uzi haujifungi kwa sababu sindano haianzi hewani. Kila mwisho wa mshono unapitisha jozi nyingine. Uzi uliokuwa unautupa ndio unaoshona shuka, na kwa kweli bobini nayo inakaa zaidi. Rangi ya uzi isikusumbue. Bluu ya sare ikiingia kwenye kitenge chekundu, mshono uko ndani, nani atauona?

Jioni ukifunga kazi utakuta jozi zimening'inia nyuma ya mashine. Kesho yake jozi zinaunganishwa kuwa nne nne kwa mtindo huo huo. Hukukaa hata mara moja ukasema leo nashona viraka.

Ila njia hii ina sharti moja, na hapa ndipo wengi wanapokwama: miraba lazima iwe imeshakatwa. Huwezi kusimamisha mshono wa mteja uanze kuchimbua salfeti. Mabaki yakatwe siku ile ile yalipozaliwa. Ukimaliza kukata gauni, kabla hujafagia, kata na mabaki yake. Mimi nina kipande cha boksi cha inchi 5 kwa 5. Baki likikitosha boksi, linakuwa mraba. Lisipotosha lakini ni refu, nalifanya ukanda wa upana wa inchi 2. Likishindwa yote mawili, linaingia kwenye kapu la makombo. Vipimo viwili tu, wifi. Ukianza kuweka inchi 3, inchi 4, pembetatu za hivi na vile, utarudi kwenye salfeti lile lile, isipokuwa sasa litakuwa na vyumba.

Kukata ni kazi ya jikoni. Maharage yakiwa motoni, au muhogo unachemka, nakaa kibarazani na mkasi na boksi langu. Ni kazi inayokubali kukatizwa: mtoto analia, unaiacha, mgeni anapiga hodi, unaisogeza. Jirani naye akija kupiga soga namkabidhi chaki achore. Na pasi ya mkaa, baada ya kunyoosha sare za watoto Jumapili jioni, bado ina moto wa kutosha kwa jozi za viraka. Laza mshono upande mmoja, upande wa rangi nzito, ili usionekane kupitia rangi nyepesi. Usiupasue katikati kama wa gauni. Uliolazwa ni imara zaidi, na shuka litavutwa na kukanyagwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Mraba wa inchi 5, ukitoa robo inchi ya mshono kila upande, unabaki inchi 4 na nusu. Miraba 12 kwa upana na 18 kwa urefu ni miraba 216, na shuka linatoka inchi 54 kwa 81. Kwenye kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6 linaning'inia inchi 6 kila ubavu. Robo inchi hiyo iheshimu lakini. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani kama alama ya kufuata, maana ukizidisha uzi mbili tatu kila mshono, ukifika mraba wa kumi na mbili mistari haikutani tena.

Sasa vitambaa. Wewe Tabora unashona sana tetroni na satini. Sisi huku vitenge vinavuka ziwa kutoka Kongo na Burundi, kwa hiyo mabaki yetu hayafanani. Usiyachanganye bila kujua. Chomoa nyuzi chache uziwashe: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka, inatoa harufu ya plastiki na kuacha kidonge kigumu. Tetroni unaweza kuiweka kwenye shuka ukitaka, ila pasi ipunguze moto. Satini inateleza na kuchanika nyuzi, mimi siitaki. Jezi na vitambaa vingine vinavyovutika usiviguse, vitakunja shuka zima. Na kipande kilichokatwa mshazari nacho kinavutika hata kikiwa cha pamba, kwa hiyo boksi lipange kufuata nyuzi za kitambaa, si kufuata umbo la baki.

Kitenge kipya na khanga mpya loweka kwanza. Nyekundu na bluu nzito zinachuja, na shuka likifuliwa mara ya kwanza utakuta miraba yako myeupe imegeuka waridi. Wapo wanaoapa kwa chumvi. Mimi nabadilisha maji hadi yatoke safi, basi. Uzuri mwingine wa viraka vya vitenge, kwa nyumba yenye watoto na chakula cha Kigoma, ni kwamba doa la mawese halionekani upesi. Sabuni inahangaika nalo, lakini jua linalipausha. Anika tu upande wenye doa ukitazama juu.

Makombo ya kapuni yana matumizi mawili. Kwanza, karatasi za madaftari ya mwaka jana ya watoto. Kata karatasi mraba, weka kombo moja katikati, lingine juu yake uso kwa uso, shona juu ya karatasi, lifunue, ongeza lingine, mpaka karatasi ifunikwe. Fupisha hatua ya sindano ili karatasi ichanike kirahisi ukimaliza. Kisha punguza kingo kwa boksi lako, umepata mraba. Kujumlisha na kutoa kwa mwanao wa darasa la pili kumefanya kazi mara ya pili. Pili, ngata za kubebea ndoo, mito ya viti na vishikio vya sufuria. Kwenye vishikio weka pamba tupu. Polista ikikutana na sufuria inayotoka motoni inayeyuka na kukuganda mkononi.

Kuhusu mama. Najua atakupigia akuambie umkataze wifi yako. Mama hapendi viraka kabisa. Anasema alihangaika kuuza dagaa Kibirizi ili watoto wake wasivae viraka, na sasa mkwe anavitandika sebuleni wageni waone. Simlaumu. Kwa watu wa umri wake kiraka kilikuwa tangazo la shida ya nyumba. Nilimwonyesha kwenye simu mashuka ya akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Waamerika weusi huko Alabama, Marekani, walioshona kwa suruali za shamba zilizochakaa na magunia ya unga ili wasife baridi. Mwaka 2002 mashuka hayo yalitundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikayatolea stempu. Mama akatazama, akasema ni mazuri, kisha akasema hao walikuwa na shida.

Waliomgusa zaidi ni Wasiddi wa Karnataka, India. Ni wazao wa Waafrika waliopelekwa Bara Hindi zamani, wengi wao kama watumwa, na wanawake wao hushona mashuka ya viraka kwa mkono yanayoitwa kawandi. Hawaunganishi miraba kama mimi. Wanatandaza kitambaa kimoja, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia ukingoni, wanazunguka wakiongeza vipande kuelekea katikati, na mshono wa mkono unashika tabaka zote papo hapo. Kwenye pembe nne wanaweka vipande vya ziada vilivyokunjwa, na shuka lisilo navyo wanaliona liko uchi. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama watu hao walipitia Ujiji. Sikuwa na jibu. Bado analala na blanketi lake la dukani, ila pembe zangu siku hizi anazikagua.

Jambo lingine linahusu wewe uliye na wateja wengi kuliko mimi. Baki ni la nani? Mafundi wengi wanajibu haraka kuwa ni la fundi. Mimi nasema kipande kinachoweza kutoa kilemba au nguo ya mtoto ni cha mteja, kirudishe bila kuulizwa. Kisichozidi viganja viwili ni cha sakafuni, na cha sakafuni ni chako. Na usikate gauni la mtu kwa ukarimu ili baki linenepe! Tunajuana, wifi. Wateja wangu nikishawaambia mabaki yanakwenda wapi, wengine wananiletea magauni yaliyowabana.

Shuka likishaunganishwa usikimbilie dukani. Huu ndio mtego wa kazi hii: mtu anaanza kumaliza mabaki, anaenda sokoni kununua kitambaa cha kupatanisha rangi, anarudi na pisi mbili na mabaki mapya. Rangi hazihitaji kupatanishwa. Vitenge vinagombana vyenyewe tangu dukani, na vikiwa vingi vya kutosha ugomvi hauonekani. Unachohitaji ni mgongo tu, yaani kitambaa cha upande wa chini, na mgongo ni doti ya khanga iliyopauka. Unganisha khanga mbili kwa ubavu mrefu, zinalitosha shuka la vipimo nilivyokupa na baki la kupinda. Angalia tu jina lisimame vizuri. La kwangu linasema JAPO SIPATI TAMAA SIKATI mara mbili, na moja liko kichwa chini, kaka yako ndiye anayelisoma akiamka.

Kati ya viraka na mgongo, kwa huku ziwani, siweki kitu, joto lenyewe linatosha. Nililompelekea shemeji Kasulu nimeweka blanketi jembamba lililochanika, kwa sababu huko Juni na Julai usiku ni baridi kweli. Na badala ya kupiga mishono shuka zima, funga mafundo ya uzi wa kufumia kila mahali pembe nne za miraba zinapokutana, tabaka zote pamoja. Kazi hiyo inafanyika mkononi hata umeme ukikatika, maana vidole vinahisi makutano vyenyewe.

Kwa hiyo kiberiti kirudishe jikoni. Anza kukata leo, na kama miraba itakuzidi, nitumie ya pamba kwa treni, mimi nitakutumia zile kanda za vitenge za inchi 2. Satini baki nayo. Ndani ya mzigo weka na asali, kaka yako amenisumbua mno, lakini ifunge kwenye nailoni mbili, mbali na vitambaa.

Wifi yako,
Kigoma