Waya wa plagi mbili hatuutengenezi

Mgao wa umeme ukianza hapa Dar es Salaam, haipiti wiki kabla mteja hajaingia dukani kwetu na ombi lile lile: "Fundi, nifungie waya wenye plagi huku na huku." Kanunua jenereta, anataka kuichomeka kwenye soketi ya sebuleni nyumba nzima iwake. Tunamkatalia, na wengine huondoka wamenuna. Tunaomba mtuelewe.

Chukua plagi ya pini tatu uitazame. Pini zake zimeachwa wazi kwa sababu umeme hutoka kwenye soketi, na plagi kazi yake ni kuupokea tu. Waya wa plagi mbili unageuza mambo: ncha moja ikiwa kwenye jenereta inayounguruma, pini za ncha ya pili zina volti 230. Mtoto akijikwaa, waya ukachomoka ukutani, anachoshika ni shaba yenye moto.

Hatari ya nje ya nyumba inatutisha zaidi. Kama meni swichi haikuzimwa, umeme wako unapita kwenye mita, unapanda nguzo, unafika kwenye transfoma. Transfoma inayoshusha volti 11,000 ziwe za kutumia nyumbani, ikilishwa kwa upande wa pili, inazipandisha upya. Mara nyingi jenereta ndogo hulemewa na kuzima, maana inajaribu kuwasha mtaa mzima. Lakini ikiwa laini imekatika karibu na transfoma yenu na majirani wamezima vyao, hakuna mzigo wa kuizima, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anaamini anashika waya uliokufa.

"Mimi huwa nazima meni kwanza." Tunakuamini. Ila siku umesafiri, mvua inanyesha saa nane usiku, na anayewasha jenereta ni kijana wa nyumbani anayetumia tochi ya simu? Umeme ukirudi meni ikiwa haijazimwa, unakutana na wa jenereta uso kwa uso. Jenereta inaweza kuungua pale pale.

Sisi tunafunga chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, kati ya mita na boksi la breka. Mkono wake una vituo vitatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Haiwezekani kushika pande zote mbili kwa pamoja hata ukilazimisha, chuma chenyewe kinakataa. Tunatumia ile inayohamisha fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja. Kwenye ukuta wa nje tunafunga kipokeo ambacho pini zake zimezama ndani ya kikombe, na waya unaotoka kwenye jenereta unaishia na kichwa cha matundu. Hata ukichomoka, hakuna chuma cha kugusa. Ethi (waya unaokwenda ardhini) pia tunaipima, kwa sababu jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na ethi, na breka ya kukata umeme unaovuja inaweza isishtuke siku unapoihitaji.

Kuhusu mzigo: jenereta ya wati 2,000 inatosha taa, televisheni, feni na friji. Birika la umeme peke yake laweza kuzimaliza wati zote hizo. Friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake, kwa hiyo iwashe kwanza, vingine vifuate.

Na jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Si barazani, si jikoni, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Ukija, tuletee picha mbili: kibati cha jenereta kinachoonyesha kVA (uwezo wake), na boksi lako la breka. Fundi atakayekuja kwako ana leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji; mwombe akuonyeshe kabla hajafungua kitu. Kama waya wa plagi mbili tayari unao, uje nao. Tutakata plagi moja mbele yako na kukufungia kichwa cha matundu, bure.